Kabla ya kulipia kizimba cha papa, uliza ni papa yupi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako, na utuwie radhi kwa urefu wa barua. Likizo ya mwisho wa mwaka inakaribia, na matangazo ya safari za Afrika Kusini yameanza tena kuzunguka kwenye simu za watu hapa Dar es Salaam: papa mweupe karuka juu ya maji mwili mzima, sili, yule mnyama wa bahari za baridi, kamning'inia mdomoni, na chini yake bei kwa dola na maneno "nafasi ni chache". Sisi tunaoandika kazi yetu ni kuzamia na kuongoza wageni majini, Msasani na Mafia, na wasafiri hutupitia wakienda na wakirudi. Wakienda wanauliza kama nondo za kizimba, kile wanachoingia majini kumtazama papa, zinahimili. Wakirudi wanauliza kama wametapeliwa, kwa kuwa papa mweupe hawakumwona. Laiti maswali hayo yangebadilishana zamu, kwa sababu nondo zinahimili, na papa ndiye asiye na uhakika.

Picha ile ya papa anayeruka ni ya False Bay, jirani na Cape Town, kwenye kijisiwa cha sili kiitwacho Seal Island. Ilikuwa kweli wakati wake. Papa weupe wa pale walianza kupungua katikati ya miaka ya 2010, na kufikia 2019 walikuwa karibu hawaonekani kabisa. Gansbaai nako, mji wa wavuvi wenye safari hizi za kizimba, ulio mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari kutoka Cape Town, mambo yaligeuka mwaka 2017. Mizoga ya papa ilianza kutupwa ufukweni, mmoja wao jike wa mita 4.9, imepasuliwa kifuani na maini hayamo. Waliofanya kazi hiyo ni nyangumi wauaji wawili waliopewa majina Port na Starboard, yaani ubavu wa kushoto na wa kulia wa chombo, kwa sababu pezi la mgongoni la mmoja limelalia kushoto na la mwenzake limelalia kulia.

Kwa nini ini peke yake? Wavuvi wetu hawahitaji kuelezwa. Ini la papa ni kubwa mno na limejaa mafuta, ndiyo yale yale wazee wa majahazi waliyoyaita sifa na kuyapaka mbao za chombo. Papa hana kibofu cha hewa kama samaki wengine, mfano changu. Ini hilo ndilo linalomsaidia asizame. Nyangumi anakula kilicho kinono na kuacha mengine yote. Na papa waliosalia, mmoja akishauawa, hulihama eneo kwa wiki au miezi.

Mashariki zaidi, Mossel Bay, papa weupe waliendelea kuonekana. Nako Mei 2022 droni ilipiga picha za nyangumi wauaji wakimuua papa, na Juni 2023 Starboard akiwa peke yake alimmaliza papa mdogo kwa chini ya dakika 2. Wapo watafiti wanaosema nyangumi amebebeshwa lawama zisizo zake zote: kuna uvuvi wa zulumati, yaani kamba ndefu yenye ndoana nyingi, unaomaliza papa wadogo ambao papa mweupe huwala, na kuna nyavu za kulinda waogaji huko KwaZulu-Natal ambazo hunasa papa. Mjadala huo bado unachemka, na hatutaumaliza sisi. Kwa mtu anayetaka kukata tiketi matokeo ni mamoja: Gansbaai ya kwenye matangazo si Gansbaai ya leo.

Anayeonekana pale siku nyingi sasa ni papa shaba, anayefikia kiasi cha mita 3. Huja kwa kundi, ana kasi, hupita karibu, na mgeni ambaye hakuahidiwa kitu kingine hutoka majini anacheka. Aliyeahidiwa mweupe ndiye anayerudi na kinyongo. Kuwatofautisha si kazi. Mweupe ni mnene kama pipa, jicho jeusi ti, na kuna mstari mkali pale kijivu cha mgongo kinapokutana na weupe wa tumbo. Mkia wake umesimama kama mwezi mwandamo, ncha ya juu na ya chini karibu sawa. Shaba ni mwembamba, rangi yake imefifia kama sufuria kuukuu, na ncha ya juu ya mkia ni ndefu kuliko ya chini.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela, mwambie wakala akutumie kumbukumbu za wiki mbili zilizopita. Waendeshaji wengi huandika kila safari: tarehe, joto la maji, uwazi wa maji, papa wangapi na wa aina gani. Wakala akianza kukuzungusha, umeshajibiwa. Kisha soma masharti pale panapoandikwa kuhusu safari isiyoona papa. Desturi ya kule ni kukupa hati ya kwenda tena, si kukurudishia fedha. Kwa mkazi wa Cape Town hiyo ni ofa nzuri. Kwa aliyetoka Tabata, akalipa ndege ya Johannesburg, akaunganisha nyingine ya Cape Town, kisha akalipa zaidi ya randi 2,000 za boti, hati hiyo ni karatasi ya kufungia karanga. Dawa yake ni kupanga safari ya boti siku ya kwanza ya ziara na kuacha siku mbili tatu wazi nyuma yake. Bahari ya kule huahirisha safari mara nyingi, na aliyepanga boti siku ya mwisho hana pa kusogezea.

Miezi nayo ina hesabu yake. Likizo yetu ya Desemba huangukia kiangazi chao, wakati pepo za kusini-mashariki zinapandisha maji ya baridi kutoka chini na bahari kugeuka kijani kizito. Siku nyingine mtu haoni zaidi ya mita 2 mbele yake. Maji safi zaidi ni ya kati ya Mei na Septemba, majira yao ya baridi, ingawa ndiyo pia miezi ya dhoruba. Kuanzia Juni hadi Novemba kuna nyangumi wanaokuja kuzaa karibu na pwani. Pale Hermanus, njiani kwenda Gansbaai, unawaona ukiwa umesimama juu ya majabali, bure. Mtu mwenye watoto tungemshauri apange safari kwa ajili ya nyangumi, na kizimba kiwe nyongeza.

Sasa kizimba chenyewe. Wasomaji wa Kanda ya Ziwa wakisikia neno hilo hufikiria vile vya kufugia sato. Hiki ni sanduku la nondo za chuma zilizochovywa zinki, lenye nafasi ya watu 5 hadi 8 bega kwa bega, linaloelea kwa maboya na kufungwa kwa kamba ubavuni mwa boti. Hakishushwi kilindini. Sehemu ya juu hubaki nje ya maji kiasi cha futi moja, na humo ndimo vichwa vinamopumulia. Ndiyo maana Gansbaai haudaiwi cheti cha uzamiaji wala hufungiwi mtungi wa hewa. Unasimama na miwani usoni, baharia aliye juu anamwona papa kabla yako na kupaza sauti, "Chini, kushoto!" Unavuta pumzi, unajivuta chini kwa mikono, unatazama sekunde 10 au 15, unapanda. Hata asiyejua kuogelea anaweza, mradi haogopi kutia uso majini. Zamu moja huwa kati ya dakika 15 na 30.

Ndani ya kizimba kuna chuma cha kushika kwa mikono na kingine cha kuchomekea miguu. Shika hivyo tu. Nondo za nje haziguswi, na sababu ya kwanza wala si meno. Wimbi likipita, kizimba hugonga ubavu wa boti kwa uzito wake wote, na kidole kilichokuwa katikati huvunjika. Hilo hutokea bila papa yeyote kuwapo.

Baridi ndiyo inayowashangaza watu wa pwani kuliko kitu chochote. Bahari yetu hapa Dar es Salaam hucheza kati ya nyuzi 25 na 30. Ya Gansbaai ni 12 hadi 18. Mtu wa Kunduchi akiingia humo, dakika ya kwanza kifua hubana, pumzi hukatika, na anadhani ni woga. Ni mwili tu unavyoshtuka. Usijaribu kuzama hapo hapo. Lowesha uso na shingo kwa kiganja, toa pumzi ndefu taratibu, subiri dakika 2 au 3 hadi kupumua kurejee, ndipo uanze kumsikiliza baharia. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu au shinikizo la damu, na mama mjamzito, wamwone daktari wakiwa bado hapa nyumbani. Bandarini watapewa fomu ya kusaini tu.

Suti ya kuzamia ya kule ni ya milimita 7, pamoja na kofia na viatu vyake. Haizuii kulowa. Inaruhusu maji kidogo yaingie, mwili unayapasha joto, na mpira uliojaa viputo vya hewa unalizuia joto lisitoroke. Ndiyo maana suti pana haifai kabisa: kila ukiinama, maji mapya yanaingilia shingoni na yale yaliyokwisha kupata joto yanatoka. Ikikubana hadi unaona haya kutembea mbele za watu, hiyo ndiyo saizi yako. Viputo hivyo hivyo hukufanya uelee kama kifuu, kwa hiyo utavalishwa mkanda wenye vipande vya madini ya risasi vya kukuongezea uzito. Usiukatae kwa kuona ni mzito. Asiye na risasi za kutosha miguu humpanda yenyewe, ikapenya katikati ya nondo na kuchungulia nje, na mwenye miguu hana habari kwa sababu anatazama upande mwingine.

Lakini kinachoharibu safari nyingi ni miwani. Kanuni yake ni moja: ukingo laini wa mpira uguse ngozi pande zote, usikanyage kitu. Vaa kofia ya suti kwanza, irudishe nyuma ya paji la uso, weka miwani juu ya ngozi, kisha vuta ukingo wa kofia uje juu ya mpira, usiwe chini yake. Unywele mmoja uliolala chini ya mpira unatosha kuingiza maji. Wenye masharubu wapake mafuta ya mgando chini ya pua. Dada zetu waliosuka wafunge nywele chini kisogoni, si utosini, maana fundo la utosini huisukuma kofia mbele na kofia huisukuma miwani. Wanaovaa hijabu wavae ile nyembamba ya kuogelea ndani ya kofia. Suti yenyewe imeshasitiri mengine yote. Ili kioo kisishike ukungu, tema mate ndani yake, sugua kwa kidole, suuza mara moja kwa maji ya bahari. Na usiipandishe miwani juu ya paji la uso ukisubiri papa. Joto la paji la uso huweka ukungu upya, na papa hupita wakati unasugua. Pua nayo haipumui humo ndani. Hewa ya pua ni ukungu mtupu.

Juu ya boti kuna kazi mbili zinazostahili kutazamwa. Nyuma, baharia anachota rojo kwenye pipa na kulimwaga kidogo kidogo: samaki waliosagwa, mafuta ya samaki na maji ya bahari. Hakuna damu ya ng'ombe kama inavyosimuliwa vijiweni. (Wala rojo hili lisichanganywe na urojo wa Forodhani, ukilinusa mara moja hutachanganya tena.) Mkondo hulibeba, likawa njia ndefu ya mafuta juu ya maji, na papa huipanda njia hiyo kutoka mbali hadi kwenye boti. Nahodha anayejua kazi hutia nanga kwa kuangalia upepo na mkondo, kisha anatulia. Akihamahama kila nusu saa kwa kuwa abiria wananung'unika, njia inakatika na kila kitu kinaanza upya. Papa anaweza kuja baada ya dakika 10 au saa 2.

Mbele, mwenzake anashika kamba yenye chambo, mara nyingi kichwa cha jodari, na pembeni huelea kipande cha ubao au zulia kilichokatwa umbo la sili. Mabaharia makini hufungia chambo kwa kamba ya nyuzi za asili, mfano wa katani yetu ya Tanga, ili papa akiimeza ioze. Kazi ya mtu huyu, ajabu ilivyo, ni kumnyima papa chakula. Kibali hakimruhusu kumlisha. Papa anapokuja, baharia huyo anaivuta kamba sambamba na kizimba, ili papa apite ubavu kwa ubavu mbele ya macho ya watu. Papa mweupe anapong'ata huyaviringisha macho nyuma kuyalinda, kwa hiyo kipande cha mwisho cha safari yake haoni anakokwenda. Na hawezi kuogelea kinyumenyume. Kamba ikivutwa moja kwa moja kuelekea kizimbani, papa anafika pamoja nayo. Ndivyo ilivyokuwa kisiwa cha Guadalupe, Meksiko, Oktoba 2016: papa alifuata chambo, akapenya ubavuni mwa kizimba na kujikuta ndani pamoja na mzamiaji. Hakuwa anamtafuta mtu, alikuwa amekwama. Papa alitokea juu, mzamiaji naye akatoka salama.

Kwa hiyo, mkiwa botini, mtazameni mwenye kamba kwa dakika 10 kabla ya kuvaa suti. Anayeipitisha kamba sambamba anajua anachofanya. Anayewaletea papa usoni ili picha ziwe nzuri, bakini juu, hata kama mmeshalipa.

Kinachoua zaidi katika safari hizi ni bahari yenyewe. Aprili 2008 boti ya watalii ilipinduliwa na wimbi karibu na Gansbaai, watu 3 wakafa, na hakuna papa aliyehusika. Angalia jaketi za kujiokolea ziko wapi kabla hujaangalia kizimba. Sikiliza maelezo ya usalama hadi mwisho, na boti ambayo haina maelezo hayo shuka.

Kulevywa na bahari kunahitaji aya yake, maana boti iliyotia nanga hulala kushoto na kulia vibaya kuliko inayokwenda, na hapo kuna moshi wa dizeli na lile rojo. Kidonge cha kuzuia kichefuchefu kinywewe usiku wa kuamkia safari na kingine saa moja kabla ya kuondoka. Ukishaanza kutapika hakikai tumboni. Asubuhi kula kitu kikavu, mkate au andazi moja, achana na supu. Kaa katikati ya boti kuelekea nyuma, pasipopanda na kushuka sana, tazama mstari wa upeo wa macho, na simu ibaki mfukoni, kwa sababu hakuna kinachomlevya mtu haraka kama kuandika ujumbe. Ukizidiwa, nenda upande wa demani, upepo unakokwenda, uwahurumie wenzako. Mabaharia hawatakucheka, wanasema umechangia rojo.

Kamera ifungwe kwenye kiganja na isipitishwe nje ya nondo kwa fimbo ya kujipigia picha. Taa izimwe. Maji yakiwa na uchafu, mwanga hurudi kutoka kwenye chembechembe na picha huwa theluji tupu.

Kwingineko tutapita haraka. Meksiko ilifunga kabisa utalii huu Guadalupe mwaka 2023. Anayewauzia safari ya kule sasa anauza hewa. Australia inabaki na visiwa vya Neptune, ng'ambo ya Port Lincoln, ambako hewa hutolewa kwa mpira kutoka juu, na kipo kizimba kinachoshushwa hadi sakafu ya bahari kwa wenye cheti cha kuzamia. Maji ni safi kuliko ya Gansbaai, safari ni ghali na ndefu.

Neptune tunaitaja kwa sababu nyingine. Limeanza kusikika hapa mjini wazo kwamba nasi tutengeneze vizimba, tumwage rojo nje ya Mbudya au Bongoyo, tuvute watalii. Linasemwa kwa nia njema, na ni kosa. Kwanza, papa mweupe hana cha kumkalisha hapa. Hupita, hilo ni kweli: kumbukumbu za kisayansi zilizochapishwa mwaka 2000 zinamtaja Zanzibar na Kenya, na ni msafiri hodari. Jike aliyeitwa Nicole, aliyevishwa kifaa Afrika Kusini Novemba 2003, alifika Australia Magharibi kwa siku 99 na akarudi ndani ya miezi 9, zaidi ya kilomita 20,000 kwenda na kurudi. Lakini kinachomfanya papa mkubwa angoje mahali pamoja ni sili, na kando ya Gansbaai, kwenye mwamba wa Geyser, wako maelfu kwa maelfu. Sisi hatuna hata mmoja.

Pili, rojo halichagui. Litawaita papa wengine waliopo, mahali ambapo Jumapili kuna mamia ya waogaji na kila alfajiri kuna wavuvi wa mishipi. Kule Neptune, safari zilipoongezeka, watafiti waliona papa wakikaa kisiwani muda mrefu kuliko zamani, hadi serikali ikaweka kikomo cha siku za kumwaga rojo kwa wiki. Hapo ni visiwa visivyo na waogaji. Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, kando ya mji wenye mamilioni ya watu. Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu kikiletewa ombi la namna hiyo, tunakiomba kilikatae bila kuunda kamati.

Tatu, papa wa kutazamwa tunaye, na hahitaji kizimba. Papa potwe wa Mafia huja mbele ya Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi kufuata uduvi na dagaa. Wengi wao ni madume ambayo hayajakomaa, mita 6 au 7, na chakula chao huchujwa. Unakwenda Nyamisati kwa gari na kuvuka kwa kivuko, au unapanda ndege ndogo ya dakika 30 au 40. Maji ni ya vuguvugu, suti ya milimita 3 inatosha, na wengi huingia na fulana tu. Kinachokwenda kombo hapa ni haraka ya watu. Mwongozaji mzuri hutangulia mbele ya njia ya samaki, anazima injini, anawashusha wageni wachache taratibu bila kurusha maji, nao wanamsubiri aje. Mwongozaji mbaya humkimbiza kwa nyuma, samaki anazama, na wageni wanaona mapovu. Kaa mita 3 kutoka ubavuni na 4 kutoka mkiani, kwa sababu mkia ule ukikupata mbavuni hauhitaji meno. Usimguse, usiwashe taa ya kamera, na usiogelee mbele ya mdomo wake kwa ajili ya picha.

Wavuvi wa dagaa wanatega kwenye makundi yale yale anayoyafuata potwe, na mara nyingine humkuta ndani ya wavu. Wengi humfungulia upande mmoja akatoka, ingawa wavu hupasuka na usiku wa kazi huenda na maji. Wageni wanalipa boti, wanalipa hoteli, wanalipa mwongozaji; aliyepasuliwa wavu halipwi na mtu. Kama halmashauri na wenye hoteli wanatafuta pa kuanzia kuboresha utalii wa papa nchini, waanzie kwenye bei ya wavu mmoja wa dagaa.

Na ombi dogo kwa meza yako, Mhariri. Tangazo la kizimba lililochapwa ukurasa wa safari wiki mbili zilizopita lilikuwa na picha ya papa mwenye madoa meupe mgongo mzima na mdomo mpana kama mlango. Huyo ni potwe. Mteja atakayefika Gansbaai akamuulizia atachekwa hadi Johannesburg.

Wazamiaji na waongozaji wa Msasani,
Dar es Salaam